Re: Kodi ya nyumba ya Wajerumani ni sababu au athari?

Salaam mkuu. Umekwama kwenye swali la historia kwa kuwa kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliwatoza watu Tanganyika, inaonekana kuwa sababu na athari kwa pamoja. Nami nilichanganya hapohapo kwenye insha yangu. Kwanza angalia swali linataka sababu za nini.

Kama ni za ukoloni, zitafute Ulaya: viwanda vilihitaji malighafi na masoko, na mataifa yalikuwa yanashindana. Kodi ya 1898 hapo ni athari, maana iliwasukuma watu kutafuta fedha, wengi wakaishia vibarua kwenye mashamba ya walowezi.

Swali likiwa la Maji Maji, vita vya wananchi wa kusini dhidi ya Wajerumani, kodi hiyohiyo inageuka sababu, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wamatumbi, kabila la kusini, mwaka 1905 walianza kwa kung'oa pamba yenyewe! Ile njaa, Wajerumani walipochoma mazao na maghala, iweke kwenye athari za vita.