Maswali ya Wasomaji: Riakta ya Kupunguza Nitrati

SWALI: Nina tanki la maji ya chumvi la lita 300 hapa Tabora mjini. Nitrati, uchafu unaobaki kutokana na chakula na kinyesi cha samaki, imefika miligramu 80 kwa lita. Chumvi maalumu ya akwariamu naagiza Dar es Salaam, hivyo kubadilisha maji kila wiki kunanishinda. Je, riakta ya kuondoa nitrati, yaani chombo cha kufugia bakteria wanaoila, inaweza kutengenezwa na fundi bomba wa kawaida? – Msomaji, Tabora

JIBU: Inawezekana, na vifaa vyake havizidi duka la mabomba na duka la dawa. Ila fanya hesabu kwanza. Tanki lako lina gramu 24 za nitrati. Riakta inayodondosha tone moja kwa sekunde hupitisha lita 4.3 kwa siku, kwa hiyo hata ikisafisha kila kitu itaondoa takriban gramu 0.34 tu. Wakati huohuo, kila gramu ya chakula chenye protini asilimia 45 huzalisha karibu gramu 0.2 za nitrati. Ukilisha gramu 2 kwa siku, umeshaizidi. Kwa hiyo jibane mara moja ubadilishe nusu ya maji, yaani gramu 12 ziondoke siku moja, na mara ya pili ukiweza. Kazi ya riakta ni kushikilia kiwango kisipande. Usiitegemee kulikomboa tanki lililokwisha kuchafuka.

Chukua bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 60. Chini gundisha kifuniko moja kwa moja. Juu weka kifuniko cha kufungua kwa nyuzi. Nunua mita 25 za mpira mwembamba wa milimita 6 kwa nje na 4 kwa ndani, uuviringishe ukuta hadi ukuta ndani ya bomba. Utapata mizunguko kama 80, kimo cha nusu mita. Mdomo mmoja wa mpira utokeze juu kupokea maji kutoka kwenye pampu. Mwingine uishie chini kabisa. Katikati ya mzunguko jaza vipande vya bomba la kupitishia waya, sentimita moja moja. Usitie mchanga, utaziba.

Siri ipo ndani ya mpira huo. Kwa mililita 3 kwa dakika, maji hukaa humo zaidi ya saa moja na nusu, na bakteria waliojibandika ukutani humaliza oksijeni njiani. Maji yakifika chini hayana oksijeni tena, na yakipanda taratibu kati ya vipande vile, bakteria wengine hulazimika kupumua kwa nitrati, wakaigeuza kuwa gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo lazima itoke, kwa hiyo tundu la kutolea maji liwe sehemu ya juu kabisa. Likikaa chini ya kifuniko, hewa itajikusanya na mtiririko utakata.

Kwenye tundu hilo unganisha mpira wa dripu ya hospitali, ule wenye gurudumu la kubana. Dripu ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita (soma pakiti, zipo za matone 60), basi utahesabu matone kwa saa ya mkononi. Acha matone yaanguke wazi tankini ili yapate oksijeni tena. Gurudumu hushika ute, lisafishe kila wiki.

Bakteria hawa wanahitaji kaboni. Siki nyeupe ya asilimia 5 yatosha, mradi isiwe na rangi wala viungo. Kwa nadharia gramu 1 ya nitrati inataka mililita 12 za siki. Kwa vitendo, kwa kuwa sehemu huliwa na oksijeni na nyingine hujenga miili ya bakteria, hesabu 20. Usianze hapo. Wiki ya kwanza tia mililita 1 kwa siku kwa bomba la sindano kwenye mpira wa kuingizia, ukigawa asubuhi na jioni, kisha ongeza mililita 1 kila wiki ukipima. Siki ikizidi, ute mweupe utaziba mpira, na siki iliyosalia itawalisha bakteria wa tanki hadi maji yawe na ukungu.

Ngoja wiki nne hadi nane. Pima maji yanayotoka, siyo ya tanki. Nitrati ikiwa sawa na ya tanki, mtiririko ni wa kasi mno au kuna hewa inapenya. Nitriti, hatua ya kati nitrati inapogeuka gesi, ikionekana, kazi imefika nusu: punguza matone, wala usiamini kipimo cha nitrati siku hizo, maana vipimo vingi huisoma nitriti kama nitrati. Nitrati sifuri na harufu ya mayai viza maana yake mtiririko ni mdogo mno. Nitrati imeisha, bakteria wamehamia kwenye salfeti, ambayo katika maji ya bahari ni takriban miligramu 2,700 kwa lita, na wanatoa haidrojeni salfaidi, sumu kwa samaki. Ongeza matone mara moja. Vivyo hivyo umeme ukikatika saa kadhaa: ukirudi, lita 5 za kwanza zitoke kwenye ndoo, zimwagwe.

Riakta ikishatulia, ongeza mtiririko kidogo kidogo. Tanki likifika miligramu 20 kwa lita, utahitaji karibu lita 20 kwa siku ili kuondoa gramu 0.4. Watu wengi huiacha kwenye tone moja kwa sekunde, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi.

SWALI: Nafuga samaki wa Tropheus kwenye lita 500 za maji ya ziwa. Nami nijenge? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Hapana. Una Ziwa Tanganyika mlangoni. Badilisha robo ya maji kila wiki, ukichota mbali na gati na mifereji ya mji. Hofu yako kubwa iwe amonia, uchafu wa samaki ambao bakteria wa chujio huugeuza kuwa nitrati. Maji ya ziwa yana pH (kipimo cha asidi na ualkali) karibu na 9, na kwa nyuzi 25 zaidi ya theluthi ya amonia yote huwa katika hali yake yenye sumu. Chujio lililokufa kwa umeme kukatika litawaua samaki wako muda mrefu kabla ya nitrati.

SWALI: Nimesikia bakteria wa riakta wanaweza kutumia salfa badala ya siki. Naweza kutumia ile ya unga ya kupulizia mikorosho? – Msomaji, Nzega

JIBU: Unga hushikamana, maji yakatafuta njia moja tu, na salfa ya kuchanganya na maji huongezwa viambato vya kuisambaza ambavyo hatuvitaki tankini. Inayofaa ni punje za milimita 4 hadi 6, lita 1 kwa kila lita 100 za tanki. Usijaribu kuyeyusha unga ili utengeneze punje. Salfa ikishika moto moshi wake huunguza mapafu. Jua pia kwamba kila gramu ya nitrati hutumia gramu 0.57 za salfa, huacha gramu 1.7 za salfeti, na hula ualkali unaolingana na gramu 1 ya kalsiamu kaboneti. Ndiyo maana maji yakitoka hupitishwa kwenye chombo cha pili chenye kokoto za matumbawe. Kwenye tanki la maji ya chumvi salfeti hiyo haionekani, kwa kuwa tayari imo nyingi. Kwenye maji baridi hujilimbikiza.

SWALI: Chumvi ya Uvinza ni rahisi. Haiwezi kuwa maji ya bahari? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Kwa ugali na dagaa, sawa. Kwa tanki, hapana: karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na maji ya bahari yanahitaji magnesiamu takriban miligramu 1,280 na kalsiamu 410 kwa lita.