Kuutazama moto wa msituni ukiwa nyumbani na kuwaombea waliofikwa

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Huu ni usiku wa tatu ninauona moto mkubwa wa msituni kutoka dirishani kwangu, ng'ambo ya bonde, na asubuhi ninakuta majivu yametua hadi kwenye mswala. Ninakaa kuutazama na kuwaombea watu wa huko. Jana nilimwomba Allah augeuze upepo usije kwetu, kisha nikakumbuka kwamba ukigeuka utawaelekea wengine. Je, nimekosea? Na je, ni vibaya kukaa kuutazama?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kuutazama si dhambi. Katika Suratul Waaqi'ah, aya ya 71 hadi ya 73, Allah anawauliza waja kuhusu moto wanaouwasha, ni nani aliyeuumba mti wake, kisha anabainisha kuwa ameufanya ukumbusho. Kinachochukiza ni kuugeuza msiba wa watu kuwa tamasha, na swali lako linaonyesha kwamba uko mbali na hilo. Ama majivu ya miti ni twahara. Kung'uta mswala wako usali.

Dua yako ya upepo ndiyo inayohitaji maelezo. Kuomba kinga kwa ajili ya nafsi yako na watu wako si kosa, ila Mtume (rehema na amani zimshukie) ametufundisha namna bora zaidi. Anas bin Malik (radhi za Allah ziwe juu yake) amesimulia kwamba mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume akiwa anahutubu, akalalamikia ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha hadi Ijumaa iliyofuata, na hapo yakaja malalamiko mengine kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika. Mtume hakuomba mvua ihamie kwa watu wengine, bali alisema, "Allahumma hawaalaynaa walaa alaynaa", yaani iwe pembezoni mwetu na isiwe juu yetu, kisha akataja vilima, mabonde na mahali panapoota miti. Aliielekeza mahali ambapo haitamdhuru mtu. Nawe omba hivyo: upepo utulie, moto uishie kwenye mwamba, mtoni, au kwenye ardhi iliyokwisha kuungua ambako hauna cha kula. Na upepo ukivuma kwa nguvu, muombe Allah kheri yake na ujikinge Kwake na shari yake, kama alivyokuwa akifanya Mtume kwa mapokezi ya Bibi Aisha katika Sahih Muslim.

Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Kwa hiyo uonapo ule mstari mwekundu ukipanda, kumbuka kwamba huenda huko juu kuna mtu anayefungua zizi gizani ili mifugo yake ijiokoe, na umwombee yeye hasa, pamoja na wazima moto walio mbele yake. Abu Dardaa, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba Muislamu anapomwombea nduguye asiyekuwapo, malaika husema, "Amin, nawe upate mfano wake." Wasio Waislamu nao waombee usalama, kwani Allah hakutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita.

Wapo wanaokariri hadithi ya kupiga takbira, yaani kusema Allahu Akbar, uonapo moto. Isnadi yake, yaani mlolongo wa waliyoipokea, ni dhaifu, lakini takbira yenyewe ni dhikri njema. Nakusihi usiseme, wala usikubali kuambiwa, kwamba wale wanaadhibiwa. Hilo ni kumsemea Allah bila ya ujuzi, ilhali Mtume amemhesabu Muislamu anayekufa kwa kuungua kuwa miongoni mwa mashahidi, yaani waliokufa kifo chenye daraja kubwa mbele ya Allah.

Dua yako iende pamoja na mkono wako: wapokee waliokimbia, wape maji na mahali pa kulala, na usiende kusimama barabarani ukawazuilia njia wazima moto. Nawe ukiamriwa kuhama, hama upesi. Moto ukikufikia ukiwa ndani ya sala, ikate ujiokoe na umwokoe aliye karibu nawe, kisha utaisali upya utakapokuwa salama.

Wallahu a'alam.