Maswali ya Wasomaji: Radi, Upinde wa Mvua na Ukungu

SWALI: Ndugu wahariri, nina kamera ya kubadilisha lenzi na stendi ya miguu mitatu. Nikijaribu kupiga radi usiku, kila nikiona umeme umemulika nabonyeza kitufe, lakini napata giza tupu. Nikiacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kamerani) wazi muda mrefu, taa za mji zinaungua, yaani zinatoka nyeupe tupu. Nakosea wapi?

JIBU: Ukishaiona, umechelewa. Radi ya usiku haikimbizwi, hutegewa: shata iwe imeshafunguka kabla haijapiga. Weka kila kitu kwa mkono, yaani ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo) na shata sekunde 15, kisha piga mfululizo kwa remoti bila kungoja chochote. Picha nyingi zitatoka tupu, utazifuta baadaye.

Wengi hukwama hapa: muda wa shata hauongezi wala haupunguzi ung'avu wa radi, kwa kuwa umeme wenyewe huwaka na kuzima ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Radi hutawaliwa na tundu na ISO. Taa za mji hutawaliwa pia na shata. Kwa hiyo radi ikitoka nene na nyeupe pe, bana tundu hadi f/11. Ikiwa mbali na imefifia, fungua hadi f/5.6. Taa zikiungua ilhali radi iko sawa, usiguse tundu, punguza shata hadi sekunde 6 au 8.

Fokasi ya kujiendesha, yaani kamera kujitafutia ukali wa picha, hutangatanga gizani. Lenga taa ya mbali, ikuze kwenye skrini, zungusha pete ya fokasi kwa mkono hadi taa ionekane kali, kisha usiiguse tena pete. Usizungushe pete mpaka mwisho ukidhani ndiyo umbali usio na kikomo. Lenzi nyingi hupitiliza hapo. Zima kidhibiti mtikisiko, na zima pia usafishaji wa chembe (madoadoa) wa picha za muda mrefu: ukiuacha, baada ya sekunde 15 za kupiga kamera hukaa sekunde 15 nyingine ikijishughulisha, na radi nzuri ina tabia ya kupiga wakati huohuo.

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya jengo au gari lenye paa la chuma, na stendi ibaki hukohuko nje. Usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

SWALI: Nimefunga filta ya polaraizi ili mawingu yakolee, upinde wa mvua ukatoweka kabisa kwenye picha! Filta ni mbovu?

JIBU: Nzima kabisa. Mwanga wa upinde umepolaraizika, yaani mawimbi yake hutikisika zaidi upande mmoja, nayo filta hupitisha mwanga wa upande mmoja tu, hivyo filta hiyohiyo huufuta au huukoleza kutegemea ilivyozungushwa. Zungusha pete taratibu huku ukiangalia skrini. Ukitaka upinde wote, ivue, kwani itakoleza kilele na kufifisha miguu. Upinde mzima una upana wa nyuzi 84 hivi. Kwa kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24 utahitaji lenzi ya milimita 18 au pana zaidi. Na usiutafute jua likiwa juu: likipita nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, aliyesimama kwenye tambarare hauoni.

SWALI: Kwa nini ukungu wangu wa alfajiri hutoka wa kijivu, kama moshi?

JIBU: Kipima mwanga hudhani weupe wote ule ni mwanga uliozidi, kikaupunguza. Ongeza fidia ya mwanga (mpangilio wa kuiambia kamera ing'arishe picha) +1, utazame histogramu, yaani grafu ya ung'avu wa picha, isigonge ukingo wa kulia. Kama picha nzima ina utando hata pasipo na ukungu, tazama kioo cha lenzi: ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, kioo hutoa jasho. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kwanza.