Wese Linaishia Wapi? Ushauri kwa Wenye Magari ya Biashara

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi simu za wenye magari huanza kulia mapema. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imetoa bei kikomo mpya za mafuta, na kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanatumiana lile jedwali la mikoa: petroli Dar kiasi gani, dizeli Mbeya kiasi gani, nani kaumia zaidi. Bei ikipanda tunalalamika wiki nzima, ikishuka habari ya mafuta tunaisahau kabisa. Mimi nina Canter mbili, yaani malori madogo ya dizeli, na Kirikuu mbili, vile vipikapu vidogo vya petroli, za kusambaza unga na vinywaji hapa Dar na mkoa wa Pwani, na msimamo wangu ni kwamba bei ya sheli ndiyo jambo ambalo mwenye gari hana uwezo nalo, kwa hiyo lije mwisho kwenye mahangaiko yako. Hela nyingi zaidi zinapotelea kati ya tangi na tairi, na nyingine kati ya tangi na dumu la mtu.

Anza na daftari. Mambo ya GPS yatakuja baadaye kama yatahitajika, na zile dawa za kumimina kwenye tangi eti gari lisile mafuta mimi sijawahi kuona faida yake. Kila gari liwe na daftari lake, na kalamu ifungwe kwa uzi, maana bila uzi utaambiwa imepotea kila siku. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongezee, kisha andika kilomita zilizopo kwenye deshibodi. Gari liende kazini. Ukirudi kujaza, rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita hizo. Canter ikitembea kilomita 420 ikaingia lita 60, basi inakwenda kilomita 7 kwa lita. Kinachoua hesabu hii ni ile tabia yetu ya "niwekee ya elfu hamsini". Ukijaza kwa mtindo huo huwezi kujua gari limekula nini, kwa sababu hujui lilikuwa na nini kabla.

Namba ukishaipata, ilinganishe na ya gari hilohilo kwenye njia ileile. Canter inayopanda na kushuka vilima vya Pugu na Kisarawe haiwezi kulingana na inayonyoosha kwenda Bagamoyo. Wiki ya mvua na foleni namba itashuka, hilo halina ubishi. Kinachotakiwa kukushtua ni kushuka kusikokuwa na sababu. Kutoka kilomita 7 hadi 5.5 kwa lita kunaonekana kitu kidogo, lakini zile kilomita 420 sasa zitakula lita 76 na ushee. Lita ikiwa shilingi 2,900, hapo zimeondoka zaidi ya shilingi 46,000 kwa kila mzunguko, na gari bado linawaka, linapakia, linafika, wala hakuna taa yoyote iliyokuonya.

Canter yangu moja ilishuka hivyohivyo. Fundi akataka tubadilishe nozeli zote za kupulizia mafuta kwenye injini. Dereva akasema ni mafuta machafu. Tuliposubiri ikarudi kutoka njia yake ya kawaida, nilipitisha kiganja karibu na rimu moja moja, bila kugusa. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilikuwa inatoa joto kama jiko la mkaa. Breki ya upande huo ilikuwa inashika hata mguu ukiwa umetoka, kwa hiyo gari zima lilikuwa linavuta mzigo huku tairi moja linagoma. Raba za silinda ya breki zilikuwa zimekufa. Zilibadilishwa palepale kwa hela ambayo haifiki hata nusu ya bei ya nozeli, na namba ikarudi. Kipimo hicho cha kiganja ni cha bure, na tangu hapo madereva wangu wanakifanya wenyewe.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto geji inasoma juu na utadhani mambo yako sawa. Chujio la hewa likiziba kwenye dizeli za zamani utaona moshi mweusi gari likipanda mlima. Haya kila fundi anayajua, siyarefushi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kuliandika. Mafuta yanaibwa. Yananyonywa kwenye tangi usiku, au dereva anaelewana na mhudumu wa sheli. Siku hizi risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zimebana ule mchezo wa kuandikiwa kiasi kikubwa kwa mkono, lakini kuna mwingine: wateja wengi wanaondoka bila kuchukua risiti zao, na risiti ya mtu asiyejulikana inaishia kwenye faili lako. Dawa yake ni kusoma saa iliyoandikwa juu yake. Risiti ya sheli ya Mbezi, saa tisa alasiri, wakati mteja wako wa Mbagala amesaini kupokea mzigo saa tisa na dakika tano, haihitaji upelelezi. Na pale sheli, dereva afundishwe kuangalia pampu ianze sifuri, na kama ana wasiwasi na ujazo ana haki ya kuomba ipimwe kwa kile kipimo cha lita 20. Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo.

Lakini ukiishia kwenye kukamata wezi utabadilisha madereva kila mwezi na mafuta yataendelea kupungua. Dereva unayempa posho isiyotosha hata sahani ya wali njiani, ukamkabidhi tangi lenye mafuta ya mamia ya maelfu, umemtega. Mimi nilipandisha posho kwanza, ndipo nikaweka utaratibu wa mgawo: kila gari lina wastani wake uliotokana na daftari, na lita zilizookolewa kwa kuupita wastani huo mwisho wa mwezi tunagawana, nusu ya kwangu, nusu ya dereva na utingo wake. Wastani usiuokote kwenye tangazo la kiwanda. Ukiweka namba isiyofikika, dereva ataitafuta kwa njia za hatari, na ya kwanza ni kuweka gari "free", yaani kulitoa kwenye gia, kwenye mteremko.

Hii ya "free" naomba niiseme taratibu maana imezoeleka mno, hasa kwa wanaoshuka mlima wa Kitonga kule Iringa. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye akselereta, injini inasukumwa na matairi, na zile za kisasa zinakata mafuta kabisa. Ukiweka "free", injini inabaki peke yake na inabidi ipewe mafuta ili isizime. Kwa hiyo unakula mafuta pale ambapo ungeshuka bure, na juu yake unaziachia breki uzito wote wa gari na mzigo. Zikipata moto zinalegea ukiwa bado uko katikati ya kona.

Mwendo nao una bei yake. Upinzani wa upepo hauongezeki sawasawa na spidi. Spidi ikiongezeka mara mbili, upinzani unafika mara nne. Canter yenye turubai linalopepea ndiyo inaumia zaidi. Turubai likazwe.

Kwa wanaosambaza mjini, saa ya kutoka ina uzito kuliko yote niliyoandika kuhusu injini. Gari langu la Kariakoo linapakiwa jioni na kuondoka kabla ya alfajiri. Likichelewa likakuta foleni ya Buguruni na Tazara, linakaa na injini inaunguruma bila kusogea, na hapo kilomita kwa lita ni sifuri. Vilevile piga simu kabla ya kutuma mzigo. Mteja akiwa hayupo au hana nafasi stoo, gari linasubiri, dereva anawasha AC, na wewe unalipia usingizi wake.

Kwa magari ya mikoani kuna faida kwenye lile jedwali la EWURA. Mafuta ya bara yanabeba nauli ya kutoka bandarini, kwa hiyo anayeondoka Dar kwenda Mbeya ajaze hukuhuku badala ya kujazia njiani. Na bei kikomo ni dari tu. Sheli inaruhusiwa kuuza chini yake, na zipo zinazofanya hivyo. Usijaze madumu nyumbani ukisubiri bei ipande. Moto wa petroli hauna msamaha.

Watu wananiuliza kuhusu gesi. Kirikuu yangu moja nimeibadilisha kutumia CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, na kwa gari la petroli linalozunguka Dar kutwa nzima, unafuu upo, kwani gesi yetu inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, haisubiri meli. Ila piga hesabu ya foleni za vituoni, maana saa za kusubiri ni saa za kazi, na mtungi unakula nafasi na uzito wa mzigo. Nenda kwa karakana inayotambulika. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanafanya kazi hiyo. Kirikuu ya pili nimeiacha na petroli yake. Inakwenda Kibiti na Ikwiriri, na sehemu kubwa ya safari ingekuwa inabeba mtungi mtupu.