Vijinyama vya mama: tafadhali msifunge uzi

Dada yangu, umesema mamako wa miaka 63 hapo Langoni, Lamu, ametokwa na vijinyama shingoni, vidoa vyeusi vidogo mashavuni na madoa meusi mgongoni yaliyoinuka kama nta iliyobandikwa, na jirani anasema ni damu chafu. Si damu chafu, wala haiambukizi, mwache alale na wajukuu zake. Hayo ya mgongoni madaktari huyaita keratosisi ya seborea, huja na umri tu na hayageuki kansa. Vile vidogo vya mashavuni ni ndugu zao, kwetu sisi weusi ni kawaida mno, bibi yangu alikuwa navyo uso mzima na sote tuliona ni uzuri wake. Vijinyama vya shingoni hupenda pale ngozi inaposuguana na wenye sukari huvipata zaidi, kwa hivyo mpeleke apimwe sukari hata kama hajihisi lolote.

Lakini nakuomba sana, msifunge uzi wala kupaka chokaa!! Shangazi yangu alipakwa chokaa na magadi, kidonda kikakaa wiki 3 na kovu liko mpaka leo. Kama mkufu unamkwaruza, daktari atakikata dakika chache, ila akitaka kugandisha kwa baridi mwulizeni kwanza maana ngozi yetu huweza kubaki na doa jeupe.

Kijinyama au doa likitoa damu lenyewe, likikua haraka, au mkiona doa jeusi jipya kwenye wayo ama chini ya ukucha, hapo msingoje, pandeni boti mpaka Mokowe, upande wa bara, mkashike basi la Mombasa aonwe na daktari wa ngozi.