Poti ya kemo: lipi la kuvumilia, lipi la kusema

Usiku wa kwanza baada ya kuwekewa poti, kifaa cha chini ya ngozi cha kupitishia kemo, yaani dawa za saratani, sikulala. Kushoto nilikuwa na mshono wa titi lililoondolewa wiki tano nyuma. Kulia, chini kidogo ya mtulinga, sasa kulikuwa na kitu kigumu chenye ukubwa wa kifuniko cha soda kimejikunyata ndani ya ngozi. Kulalia kushoto siwezi, kulia siwezi, kifudifudi ndiyo kabisa. Nikaketi na mito mitatu mgongoni kama bibi harusi anayesubiri kutunzwa, nikawa nahesabu adhana za misikiti ya jirani mpaka kukapambazuka.

Nilikuwa nimeambiwa ni "upasuaji mdogo", na sikudanganywa. Sindano ya ganzi, dawa kidogo ya kusinzia, haikufika hata saa nzima, jioni nikarudi Mbagala kwa bajaji. (Hilo la bajaji ni kosa langu mwenyewe. Kila tuta la barabarani nalikumbuka mpaka leo.) Lakini upasuaji kuwa mdogo ni jambo moja, na maumivu kuwa madogo ni jambo jingine, na hilo la pili hakuna aliyenikalisha chini akanieleza. Ndiyo maana naandika, hasa kwa dada ambaye ameshapangiwa siku.

Kwanza shingo. Nilijiandaa kuumwa kifua, kumbe kilichonitesa zaidi kilikuwa shingo. Poti ni kikopo kidogo chenye kifuniko cha silikoni juu yake, na kimeungwa na mpira mwembamba. Mpira huo unapita chini ya ngozi, unapanda juu ya mtulinga, unaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na ncha yake inatua karibu na moyo. Kwa hiyo unatoka na michubuko miwili: mshono wa kifuani na kidonda kidogo shingoni. Nikigeuza kichwa nilihisi kitu kinavuta kama uzi wa mshono ulionasa msumarini. Kwangu kuvuta huko kulidumu siku kumi hivi, kukawa kunapungua kidogo kidogo. Ngozi ya pale juu nayo ilivilia damu, ikawa ya zambarau, kisha kijani, kisha manjano kama embe. Yote hayo ni ya kawaida. Inatisha kwenye kioo, basi.

Usikubali kuukaza mkono. Mimi niliubana ubavuni wiki nzima kama kuku aliyevunjika bawa, nikidhani nailinda poti, mpaka sista akanigombeza kwamba bega litaganda. Kitu kizito usinyanyue wiki mbili za mwanzo, ndoo ya maji muachie mwingine, na kwenye daladala usining'inie bombani. Ila kuchana nywele, kuvaa, kula, kuzungusha bega taratibu, hayo fanya.

Mkanda wa gari nao una hesabu zake. Kwetu usukani uko kulia. Ukikaa mbele kando ya dereva, mkanda unashuka kutoka bega la kushoto, kwangu ni juu ya mshono wa titi. Ukikaa nyuma ya dereva, unashuka kutoka bega la kulia, juu ya poti yenyewe. Nikachagua kukaa mbele, na kanga iliyokunjwa mara nne nikaiweka kati ya mkanda na kifua. Sidiria ilikuwa kero vilevile kwa sababu utepe wake ulipita palepale. Nilishonea kipande cha sponji kwa ndani.

Kisha akaja shangazi na chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Shangazi yangu ameshakanda wazazi wasio na idadi, mikono yake ina baraka, lakini poti haikandwi. Kidonda kibichi hakitaki mafuta wala maji ya moto wala kusuguliwa. Nilimwambia, "Shangazi, nikande miguu." Akanikanda miguu, nikasinzia, kila mtu akaridhika.

Dawa za maumivu sasa, na hapa nisikilize. Wengi wetu kichwa kikigonga tunakwenda duka la dawa na kuomba diklofena. Ukiwa kwenye kemo usifanye hivyo bila kumuuliza daktari wako, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinadhoofisha chembe zinazogandisha damu, na kemo tayari imeshazipunguza. Mimi niliruhusiwa panado. Nayo ina mtego: inashusha homa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, homa ndiyo kengele, na ukishaizima hakuna atakayesikia. Nilinunua kipimajoto, nikawa napima kwanza ndipo nameza. Kikisoma nyuzi 38 hunyooshi mkono kwenye panado, unanyoosha kwenye simu, hata kama ni saa nane usiku.

Mtu ataniuliza, pamoja na mateso yote hayo, kwa nini nilikubali? Kwa sababu ya ile nyekundu. Doksorubisini, dawa inayofanana na juisi ya rosela, ikichuruzika nje ya mshipa mdogo wa mkononi inaunguza nyama. Mkono wa kushoto nilishakatazwa kuchomwa kwa kuwa tezi za kwapani zilitolewa. Mkono wa kulia, baada ya vipimo vya miezi miwili, mishipa ilikuwa imejificha. Dozi ya kwanza walinitafuta mshipa mara nne, mara ya nne nikalia. Dozi ya pili, kwa poti, nilichomwa mara moja, nikaonja chumvi mdomoni pale maji ya kusafishia mpira yalipopita (wengi huonja, usishtuke), nikasoma ujumbe kwenye simu mpaka dripu likaisha.

Kuchomwa kwenyewe kunauma, ila kwa sekunde. Iko krimu ya ganzi yenye lidokeni na prilokeni. Unaipaka nene juu ya poti saa moja kabla, unaifunika na plasta. Ukiipaka pale kliniki umeshaitwa jina, umepoteza krimu yako. Sindano ni ya aina yake, imepinda shingo, imetengenezwa isikate ile silikoni. Siku moja, zahanati fulani, kijana alitaka kunitoa damu kwenye poti kwa sindano ya kawaida ili "tusisumbuane". Nilimpa mkono wa kulia. Akataabika, akaupata mshipa. Poti haiguswi na asiyefundishwa, na kadi uliyopewa siku ya kuwekewa ikae kwenye pochi.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Wiki ya tatu, maumivu ya kwanza yalikuwa yameshaisha, naweza kulala kwa ubavu. Nina bangili ya fedha ya marehemu mama, huwa inatembea mkononi kwangu mpaka napata kazi ya kuizuia isianguke. Jumatatu asubuhi, mkono wa kulia, ikakwama kwenye vifundo vya vidole. Nikapaka sabuni, ikagoma. Nikasema ni joto la Februari. Jumanne mkono ulikuwa mzito, kwapani kunauma, na begani vilijitokeza vijishipa vya bluu ambavyo sikuwahi kuviona. Nikasema nimepiga pasi sana. Alhamisi ndiyo siku ya kliniki, nitasema hiyohiyo, kwa nini nisumbue watu? Niliwahi kuambiwa "vumilia mama, poti ndivyo zilivyo" siku nilipolalamikia shingo, nikalichukua neno lile kama ruhusa ya kuvumilia kila kitu.

Alhamisi sista akafunga mkanda wa presha mkono wa kulia, akasita, akaufungua. Akaiweka mikono yangu yote miwili juu ya meza, akaitazama.

"Huu umevimba tangu lini?"

"Jumatatu."

Hakunigombeza. Alinyamaza tu, akainuka kwenda kumwita daktari, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko kugombezwa. Altrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa bega unaopitiwa na ule mpira. Saratani yenyewe huifanya damu igande kwa urahisi, na mpira ukikaa ndani ya mshipa unazidisha. Nilianzishiwa sindano za tumboni, ambazo sisi wagonjwa tunaziita za kuyeyusha damu. Daktari akanirekebisha kwamba haziyeyushi, zinazuia bonge lisikue ili mwili wenyewe ulimalize. Baadaye nikahamishiwa vidonge. Poti haikutolewa kwa sababu ilikuwa bado inafanya kazi na dozi zilikuwa zimebaki. Lakini bonge kama hilo linaweza kumeguka likaenda mapafuni, na mimi nilikuwa nimelibeba siku tatu huku napiga pasi.

Kwa hiyo mkono, shingo au uso ukivimba, usisubiri siku ya kliniki. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usisubiri hata bajaji ya bei nafuu. Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha, mshono ukifunguka, au ukashikwa na baridi ya kutetemeka mara tu baada ya poti kusafishwa, piga simu siku hiyohiyo. Na dripu likiwa linaingia ukahisi kuungua au kuvimba pale kwenye poti, sema muda huohuo, hata kama sista yuko na mgonjwa mwingine, ili dawa isimamishwe. Ukisema, usiseme "naumwa". Sema wapi, tangu lini, na ukifanya nini panazidi. Mimi nilianza kuandika kwenye daftari la shule la mwanangu, na daktari alikuwa analisoma kabla hajaniuliza chochote.

Dozi zimeisha. Poti bado ipo, kila mwezi nakwenda kusafishiwa ule mpira usizibe, mpaka daktari aseme itolewe. Mara nyingi naisahau, mpaka mtoto anikumbatie kwa nguvu. Na kila asubuhi kabla ya chai naivaa ile bangili mkono wa kulia, naivua, naivaa tena. Siku ikikwama simu ya sista ninayo.