Msanii wa Ufilipino wa kuanza naye

Ndugu, umeuliza ni msanii gani wa sanaa ya kisasa ya Ufilipino ambaye kwake mila za wenyeji si pambo tu. Ningeanza na marehemu Roberto Villanueva, aliyefanyia kazi zake Baguio, mji wa milimani kaskazini mwa nchi hiyo, ambaye mwaka 1989, kwenye uwanja wa Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino jijini Manila, alijenga kwa matete ya milimani njia ndefu ya kuzunguka iliyomfikisha mgeni katikati, penye duara la mawe mfano wa dap-ay, baraza la wazee wa Cordillera, eneo la milima ya kaskazini. Matete huoza, na kwangu uzito wa kazi ile uko hapo hasa. Marehemu Santiago Bose, mzaliwa wa Baguio, alichanganya hirizi na picha za enzi za ukoloni, naye mtazame.